Likizo Imekwisha: Nani Anabaki na Mtoto?

Dada wa kazi, bibi au kituo? Kabla hamjagombana usiku wa manane kwa kunong'ona ili mtoto asiamke, kaeni chini mpige hesabu hizi pamoja.

Siku 84. Ukiwa na mimba ya miezi minane unaziona nyingi, utadhani utapata hata muda wa kufuma soksi. Mtoto akishakuja, ukigeuka huku na kule arobaini imeisha, na ukigeuka tena bosi anakutumia meseji ya kukuuliza unarudi lini.

Hapo ndipo wenzi wengi wa mjini wanapogundua kwamba walipanga kila kitu isipokuwa kile cha maana. Kitanda kipo, nguo zipo, jina walishabishana hadi likapatikana. Lakini swali la Jumatatu ile ya kwanza, yaani nani anabaki na mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka foleni ikuachie usiku, halijajibiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ana jibu. Baba alidhani mama mkwe atakuja. Mama alidhani baba ameshaongea na mama yake. Na bibi mwenyewe huko Moshi ana kuku, ana vikoba, hajaambiwa kitu!

Mpenzi msomaji, makala hii ni yenu wawili. Ukimaliza, mpe na mwenzio asome.

Hesabu isiyojibu

Tuanze na sheria, maana wengi tunaisikia tu kwenye korido. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Baba anapata siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa wazazi wa watoto njiti, sheria ilirekebishwa mwaka 2025 ili kuwaongezea muda, kwa hiyo kama inawahusu, ulizeni ofisini mapema.

Sasa hebu tupige hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Wataalamu wa afya duniani kote, na nesi wako wa kliniki pia, wanakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, ambayo ni kama wiki 26. Toa 12 kwenye 26, zinabaki 14. Hizo wiki 14 ndizo tunazozungumzia hapa. Na kama ulianza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, kama sheria inavyokuruhusu, basi unarudi kazini mtoto ana wiki nane tu. Bado hajajua hata kushika kidole chake!

Kuna njia mbili za kupunguza pengo hilo, na zote ni haki yako, huombi fadhila.

Ya kwanza ni likizo ya mwaka. Sheria hiyo hiyo inatoa siku 28. Ukikubaliana na mwajiri uziunganishe na za uzazi, unafika siku 112, yaani wiki 16. Zungumza naye kabla hujaenda kujifungua, na mkikubaliana muandikishane. Bosi aliyekubali kwa mdomo mwezi wa tatu, mwezi wa saba anaweza kusahau.

Ya pili ni saa za kunyonyesha. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Lakini tuseme ukweli. Kama unakaa Mbagala na ofisi iko Posta, saa mbili za katikati ya siku zitaishia barabarani, utafika nyumbani ugeuze. Wanawake wengi wajanja wanaomba kuzitumia zote mwisho wa siku. Badala ya kutoka saa kumi, unatoka saa nane mchana, unaiwahi foleni, unamkuta mtoto macho.

Na wewe kaka? Siku zako 3 zitaishia hospitali, kupokea simu na kununua vitu vilivyosahaulika. Kwa hiyo ile likizo yako ya mwaka, usiimalize yote wiki ya kujifungua wakati nyumba imejaa mashangazi wanaokupita kama kabati. Weka angalau wiki mbili kwa ajili ya wiki ambayo mama anarudi kazini. Ndiyo wiki ngumu kuliko zote, na ndiyo wiki ambayo hakuna shangazi hata mmoja aliyebaki.

Dada wa kazi: unamkabidhi nani, kwa masharti gani?

Kwa wengi wetu hili ndilo jibu la haraka. Unapiga simu kijijini, mjomba anaongea na jirani, Jumamosi binti anashuka stendi na begi lake. Jumatatu unamwachia mtoto wa miezi mitatu. Jamani! Mtu ambaye usingempa ufunguo wa gari, umempa mtoto.

Cha kwanza ni umri. Binti wa miaka 13 au 14 ni mtoto, na anapaswa kuwa shuleni. Mtoto hawezi kulea mtoto. Akiugua ghafla, akipaliwa, jiko likishika moto, unahitaji mtu mzima mwenye uamuzi wa mtu mzima. Tafuta aliyefikisha miaka 18 na zaidi, na ukikuta aliyewahi kulea wadogo zake au wanawe, hapo umepata.

Cha pili ni malipo. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama wewe, na serikali imemwekea kima cha chini. Viwango vilivyoanza Januari 2023 viliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi nyumbani kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja na kuondoka. Mwezi Oktoba 2025 serikali ilitangaza viwango vipya vya sekta binafsi vya kuanza Januari 2026, kwa hiyo hakikisha unajua cha sasa kabla ya kutaja bei. Tena hicho ni cha chini. Hakuna aliyesema ndicho kiwango cha mtu anayelinda roho ya mwanao.

Cha tatu ni mzigo. Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Unataka afue, apike, adeki, apige pasi, akaange maandazi ya biashara, na mtoto asilie. Haiwezekani. Mtoto mchanga ni kazi nzima peke yake. Kama bajeti inaruhusu mtu mmoja tu, basi amueni kazi yake namba moja ni mtoto, na nguo mtazifua wenyewe Jumamosi au mtamlipa mama wa kufua. Mpe siku ya kupumzika kila wiki, ambayo ni haki yake kisheria, na mpe muda wa kulala. Dada aliyelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, saa nane mchana atasinzia tu, atake asitake.

Cha nne, na naomba mkishike: makabidhiano. Asianze siku ile ile unayorudi kazini. Alete begi wiki mbili kabla. Wiki ya kwanza anakuangalia wewe unavyomwogesha, unavyombembeleza, unavyomlaza chali, siyo kifudifudi. Wiki ya pili mnabadilishana: anafanya yeye, wewe unaangalia na kukaa kimya. Siku za mwisho toka nyumbani saa mbili, halafu saa nne, uone mtoto anakulaje na dada anapigaje simu.

Halafu lipo lile linalouma na halisemwi. Siku moja utarudi kazini, mtoto atanyoosha mikono kwa dada, siyo kwako. Wengine wanachukia, wanamfukuza dada, wanaanza upya na mwingine, na mtoto anapoteza mtu aliyemzoea. Tulia, mama. Mtoto aliyempenda dada anakwambia kwamba mchana alikuwa salama. Angelia kila akimwona, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kukosa usingizi. Chukua mtoto, nyonyesha, oga naye, imba naye. Saa zako za jioni na usiku hakuna atakayekupokonya.

Bibi: mapenzi tele, na mkataba wa kimya

Bibi hahitaji kufundishwa kumpenda mtoto. Hilo peke yake ni utajiri. Tatizo la bibi ni kwamba amelea saba, wote wazima, na wewe hapo ukiwa mmojawapo, kwa hiyo unamfundisha nini?

Ugomvi karibu wote unaanzia sehemu tatu: maji, uji na dawa. Kwa joto la Dar bibi anamwona mjukuu ametoka jasho, anampa maji. Mtoto akilia sana, bibi anasema maziwa hayamtoshi, anakoroga uji mwepesi. Tumbo likijaa gesi, inatafutwa chupa ya dukani au mizizi. Ukweli ni kwamba mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji hata wakati wa joto kali, maana maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Maji na uji wa mapema vinajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, maziwa yako yanapungua, na vyombo visivyo safi vinaleta kuhara.

Utamwambiaje mama mkwe bila vita? Kuna kanuni mbili. Kwanza, kila mtu aongee na mama yake. Mama wa mume anaambiwa na mume, mama wa mke anaambiwa na mke. Kaka, usimtume mkeo akapigane vita vyako halafu wewe unakaa sebuleni unaangalia mpira. Pili, nenda kliniki pamoja na bibi. Mwache nesi aseme. Neno lile lile ambalo kwako lilikuwa ukosefu wa adabu, likitoka kwa nesi mwenye gauni jeupe linakuwa ushauri.

Na bibi naye ana mwili. Miaka 60 na kitu, goti linauma, presha inapanda, halafu anabeba mtoto wa kilo nane siku nzima? Kama anakuja kukaa kwenu, mpatieni msichana wa kumsaidia kazi za ndani, mpeni hela yake mkononi ya kila mwezi bila kusubiri aombe, na Jumapili aende kanisani, au Ijumaa akasali, au akawasalimie wenzake. Muulizeni pia anataka kukaa muda gani. Bibi wengi wanakubali "nije kidogo" na miaka miwili inapita shamba likiota magugu.

Kumpeleka mtoto kijijini ni jambo jingine kabisa. Zipo familia zinazolazimika, na hakuna wa kuwahukumu. Lakini kama mnaweza kuchagua, mpate kwanza miezi ile 6 ya kunyonya, na mjiulize mtakwenda kumwona mara ngapi kwa kweli, siyo mara ngapi mnatamani. Mkiamua aende, aende na kadi yake ya kliniki, chandarua chenye dawa, na utaratibu wa hela unaoeleweka.

Kituo: usidanganywe na rangi za ukutani

Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vimeongezeka mijini, na kwa wenzi wasio na ndugu karibu ni mkombozi. Vingine vinapokea watoto wachanga, vingine vinasubiri mtoto ajue kutembea au aache nepi. Ukutani utakuta Mickey Mouse anacheka. Wewe usimwangalie yeye, angalia haya:

- Usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa. Omba kuona cheti. Wakikuzungusha, piga simu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu.
- Mikono. Hesabu watoto, hesabu walezi. Mlezi mmoja hawezi kushika wachanga sita wanaolia kwa pamoja, hata awe malaika.
- Usingizi. Wanalala wapi? Kuna chandarua? Wachanga wanalazwa chali?
- Maji na choo. Walezi wananawa mikono baada ya kubadilisha nepi? Usiulize, simama uangalie.
- Geti. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Jibu zuri ni majina yaliyoandikwa. Jibu baya ni "tunawajua wote".
- Runinga. Kama inawaka siku nzima, jua mlezi ni runinga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.
- Saa ya kufunga. Kituo kinafunga saa kumi na moja, wewe unatoka kazini saa kumi na moja. Nani atakuwa getini?

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi, mara ya pili bila kusema, saa tano asubuhi, wakati watoto wana njaa na walezi wamechoka. Kituo kizuri hakikasiriki mzazi akitokea ghafla.

Na kumbukeni kituo hakimpokei mtoto mwenye homa. Kwa hiyo hata mkiwa na kituo, bado mnahitaji mpango wa siku ya ugonjwa. Nani anaomba ruhusa kazini? Kama jibu ni "mama" kila mara, mwisho wa mwaka bosi wake ndiye atakayeuliza maswali, na wewe baba utakuwa umepandishwa cheo. Gawaneni siku hizo.

Maziwa yanayobaki nyumbani

Unaweza kurudi kazini na mtoto akaendelea na maziwa yako. Anza kujifunza kukamua wiki mbili tatu kabla ya kurudi, kwa mkono au kwa pampu. Nawa mikono, tumia chombo safi chenye mfuniko, andika tarehe na saa.

Kwenye joto la kawaida, maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa 4, na kwa chumba cha Dar chenye jua la Februari, usifike huko. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Yaweke ndani nyuma, siyo mlangoni. Kwenye friza, hadi miezi 6 bado ni mazuri. Ofisini, ukiwa na kiboksi cha kutunza baridi chenye barafu za kutosha, yanafika nyumbani salama jioni hiyo. Umeme ukikatika, msifungue friji ovyo.

Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe jikoni wala kuyaweka kwenye maikrowevu. Yakishayeyuka usiyagandishe tena, na mtoto akibakisha, yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Yanauma kumwaga, najua. Mwage tu.

Dada au bibi amnyweshe kwa kikombe kidogo safi, mtoto akiwa amekaa wima, pole pole. Kikombe kinaoshwa kirahisi kuliko chupa yenye chuchu na kona zake.

"Si bora uache kazi tu?"

Sentensi hii imeharibu chakula cha jioni kwenye nyumba nyingi. Mara nyingi inakuja na hesabu: mshahara wa mama, toa dada, toa nauli, toa chakula cha mchana, kinachobaki hakinunui hata nepi. Kwa hiyo akae.

Ngoja kwanza. Kwa nini gharama ya kumlea mtoto itolewe kwenye mshahara wa mama peke yake? Mtoto ni wa wawili. Toeni gharama kwenye jumla ya mishahara yote miwili, mtaona picha inabadilika. Halafu ongezeni vile visivyoonekana kwenye bahasha: michango ya hifadhi ya jamii, bima ya afya kama ofisi inalipa, na nafasi ambayo akiiacha leo, kuirudia baada ya miaka mitatu si kazi ndogo. Gharama za mlezi ni kubwa kwa miaka michache. Kazi inaweza kuwa ya miaka 30.

Baada ya hesabu hiyo, kama bado mnaona mmoja akae nyumbani, sawa kabisa. Wapo akina mama wanaotaka hivyo kwa moyo wao wote, na siku hizi wapo akina baba pia. Ila iwe imeamuliwa na wawili, kwa muda unaotajwa, na mkubaliane hela ya mkononi ya anayebaki. Mtu mzima asiombe nauli kama mwanafunzi.

Bandikeni hii kwenye mlango wa friji

Yeyote atakayebaki na mtoto, aondokewe asubuhi akiwa na vitu hivi mbele ya macho yake:

1. Namba za simu za baba, mama na jirani mmoja anayekuwepo mchana.
2. Jina la hospitali ya karibu, na hela ya bodaboda au bajaji iliyowekwa kando, isiyoguswa kwa nyanya.
3. Kadi ya kliniki ilipo, na tarehe ya chanjo inayofuata.
4. Saa za kulisha na kiasi.
5. Dalili za kupiga simu hapo hapo: homa, kuharisha mfululizo, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya au kula, kulegea, degedege.
6. Neno moja: "Hutagombezwa kwa kupiga simu."

Hilo la mwisho lisomeni kwa sauti. Dada anayeogopa kukusumbua ukiwa kwenye kikao atasubiri mpaka saa kumi na moja jioni, na kuna magonjwa ya watoto yasiyosubiri kikao kiishe.

Kama mimba iko mwezi wa sita au wa saba, huu ndio wakati wa kukaa mezani. Chukueni karatasi, andikeni tarehe ya kurudi kazini, na mbele yake muandike jina la mtu. Mkishindwa kuandika jina, msiende kununua kitanda kingine cha maua. Pigeni simu Moshi kwanza, bibi aulizwe.